Haijaja au haikuja? Maneno adimu ya wakati na nyakati zilizopita za Kiingereza

Mwezi wa saba hapa Iringa, kipindi cha kwanza, chaki inashikwa na vidole visivyosikia kitu. Kidato cha pili wamejikunyata ndani ya masweta, na mimi nimeandika ubaoni sentensi mbili zenye nafasi ya kujaza kitenzi "see". Ya kwanza inaishia na "yesterday". Mikono juu darasa zima: "Saw, madam!" Ya pili inaishia na "already". "Have seen, madam!" Nilitoka pale nikijiona mwalimu kweli kweli.

Alasiri nikafungua madaftari ya insha za likizo. Daftari la kwanza: "I have gone to Makambako when the school was closed." La pili: "My uncle has died in 2019 and we had cried." La tatu vilevile, la nne hivyohivyo, na ni watoto walewale ambao asubuhi hawakukosa hata moja.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Asubuhi hawakuwa wanasoma sentensi. Walikuwa wanasikiliza neno moja, kama kuku anavyosikiliza debe la mahindi. Gonga "yesterday", wanakimbilia "saw". Gonga "already", wanakimbilia "have seen". Kwenye insha hakuna wa kuwagongea debe, kila mtu anabaki na kichwa chake, na kichwa kile kinawaza kwa Kiswahili.

Ndipo nilipoanza kulificha debe. Badala ya "yesterday" naleta "a fortnight ago". Badala ya "recently" naleta "the other day" na "of late". Naleta "hitherto", "by then", "ever since", "no sooner". Sitaki watoto waandike Kiingereza cha mbwembwe. Kuna kisa nitakisimulia chini kuhusu hilo. Nayaleta kwa sababu neno geni halina jibu lililokaririwa. Mtoto akikutana nalo inabidi asimame, ajiulize tukio liko wapi na anayelisimulia yuko wapi. Na katika kuhangaika na maneno hayo tumegundua kipimo ambacho kila anayesema Kiswahili anacho mdomoni tangu utotoni, isipokuwa hajawahi kuambiwa kwamba ni kipimo.

Uvujaji wa "-me-"

Shuleni tuliambiwa "-li-" ni wakati uliopita na "-me-" ni wakati timilifu. Kutoka hapo ni hatua moja tu kusema "-li-" ndiyo "did" na "-me-" ndiyo "have". Kwenye daftari inakaa vizuri. Sasa panda daladala ya Kihesa kwenda mjini utege sikio. "Nimemwona jana pale Mlandege." "Mzee wao amefariki mwaka juzi." "Nimeinunua juzi tu, leo imeshakufa." Hakuna abiria anayegeuka kushangaa. Kiswahili tunachozungumza kinairuhusu "-me-" ikae na jana, juzi na mwaka juzi, kwa kuwa anayezungumza macho yake yako kwenye kilichobaki: simu iliyokufa iko mkononi, msiba bado uko moyoni. Kiingereza hakikubali. "Have" na "yesterday" haviketi kwenye kiti kimoja, hata kama simu iliyokufa ni ya dhahabu.

Halafu "-me-" ina kazi nyingine ambayo "have" haina kabisa. Mlinzi amelala. Mama amevaa kitenge. Watoto wamekaa. Hapo hatusimulii lililopita, tunaeleza hali iliyopo mbele ya macho yetu. Mwanafunzi anayeandika "The watchman has slept" akimaanisha mlinzi anakoroma sasa hivi amefuata Kiswahili hatua kwa hatua na amefika pasipo. Mwingereza atamwelewa kwamba mlinzi ameshapata usingizi wake, sasa yuko macho. Kwa mlinzi huyo ni tofauti ya kufukuzwa kazi au kubaki.

Salamu zetu zimejengwa hivyohivyo. "Umeamkaje?" haiulizi kitendo cha kufumbua macho, inauliza mtu yukoje sasa. Jaribu kumuuliza mtu "Uliamkaje?" uone atakavyokutazama, kama vile uko polisi unachukua maelezo. Mimi kwetu ni Rungwe, na bibi yangu alikuwa akitusalimu "Ugonile", ambayo kwa Kiswahili ukiitafsiri neno kwa neno ni "umelala". Usiku umepita lakini swali ni la asubuhi hii. Watoto wangu wa Kidato cha pili wakiipata hiyo, nusu ya "have" wameshaipata bila mimi kuandika kanuni yoyote.

Bajaji

Nusu iliyobaki niliipata kituoni, nikisubiri bajaji ya mtu tuliyezoeana naye. Mwalimu mwenzangu akanipigia simu kuuliza kama nimeondoka. Nikamjibu: "Bajaji haijaja." Dakika arobaini baadaye nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, na jioni nikawasimulia: "Bajaji haikuja."

Haijaja, haikuja. Bajaji ni ileile, kituo kilekile, na mara zote mbili bajaji haipo. Ila "haijaja" inaacha mlango wazi: bado nasubiri, huenda ikatokeza kona ile. "Haikuja" imefunga mlango na funguo nimetia mfukoni. Kiingereza nacho kina jozi hiyo, "It hasn't come" na "It didn't come", na inatofautiana kwa namna ileile.

Ajabu ni kwamba ile "-me-" inayovuja kwenye sentensi za kukubali haivuji kwenye kukanusha. Mtu atasema "Nimemwona jana" bila wasiwasi, lakini ni nadra kumsikia mtu, hata mtoto wa chekechea, akisema "Sijamwona jana". Ulimi unakataa wenyewe. Atasema "Sikumwona jana". Maana yake sisi tunaijua "have" vizuri kabisa, ila tunaijua kupitia mlango wa kukataa, na vitabu vinatuingiza kupitia mlango wa kukubali.

Kipimo basi ni hiki. Ukitaka kujua Kiingereza kitataka nini, chukua sentensi yako ya Kiswahili uikanushe, na neno lake la wakati usiling'oe. Ulimi ukitoa "-ja-", andika "have". Ukitoa "-ku-", andika wakati uliopita wa kawaida. "Mzee amefariki mwaka juzi": kanusha, inakuwa "hakufariki mwaka juzi", kwa hiyo "died". "Nimefika Matema mara tatu": kanusha, "sijafika Matema", kwa hiyo "have been". Ikiwa sentensi imeanza na "alikuwa" na kukanusha kunatoa "alikuwa hajafika", hapo ni "had".

Kina mipaka yake, nitaitaja papo hapo ili nisije nikalaumiwa. Vitenzi vya hali, kama kulala, kuvaa na kusimama, vinakiyumbisha, kwa sababu "amelala" kwa Kiingereza haiko kwenye nyakati zilizopita kabisa. Na wanafunzi wanaoshinda kwenye filamu za Marekani watakuletea "I already ate" na "I just saw him", ambazo kule Marekani ni sawa, wakati Uingereza mtu angetegemewa aseme "I've already eaten". Mitihani yetu inafuata Kiingereza cha Uingereza. Mimi huwaambia: filamu ni filamu.

Usiku kumi na nne

Sasa yale maneno adimu. La kwanza huwa ni "fortnight", wiki mbili, ambalo Mwingereza analitumia bila kufikiri na Mmarekani karibu halitumii. Limetokana na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya usiku kumi na nne. Kulikuwa pia na "sennight", usiku saba, ambalo limeshakufa. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, akiandika mwaka 98 kuhusu makabila ya Kijerumani, ambayo baadhi yao ndiyo mababu wa lugha ya Kiingereza, alisema watu hao huhesabu usiku badala ya mchana. Darasani hilo huwachekesha, mpaka niwakumbushe redio zetu zinavyosema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kwa hesabu ya pwani, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu wa bara akisikia anaenda kwenye shughuli siku moja baadaye, anakuta sufuria zinaoshwa. "Kuamkia" imekuja kuwapatanisha.

Lakini sababu yangu ya kulipenda "fortnight" haiko kwenye historia. Iko kwenye Kiswahili chetu cha "wiki mbili zilizopita", ambacho kina sura mbili na hatuzioni. Niliandika ubaoni:

Wiki mbili zilizopita sikumwona.
Wiki mbili zilizopita sijamwona.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Madam, mbona zote ni wiki mbili zilizopita?" Nikamrudishia swali. Akaziangalia kwa muda, akazisema kwa sauti ya chini kama anayeonja mchuzi, kisha akasema: "Ya kwanza ni siku moja, kule nyuma. Ya pili ni siku zote hizi mpaka leo." Sikuwa na la kuongeza. Ya kwanza kwa Kiingereza ni "a fortnight ago", nukta moja iliyoachwa nyuma, nayo inataka "I didn't see him". Ya pili ni "in the past fortnight", kamba ndefu ambayo ncha yake moja umeishika wewe uliyesimama hapa, nayo inataka "I haven't seen him". Kwa "yesterday" na "already" nisingeweza kuuonyesha utata huo hata kwa mwaka mzima, kwa kuwa maneno hayo hayana sura mbili.

"The other day" nalo lina kituko chake. Mwanafunzi analiona "other" na "day", anatafsiri "siku nyingine", anaandika: "I will visit you the other day." Kumbe Kiswahili cha mtaani kina neno lake halisi kabisa: juzikati. Siyo juzi yenyewe, siyo wiki iliyopita hasa, ni hapo katikati, na mtu hataki kuulizwa tarehe. Nikishawaambia kwamba "the other day" ni juzikati, hakuna anayekosea tena, kwa sababu kila mtu anajua juzikati imekwisha pita. Kanusha: "Sikumwona juzikati." Kwa hiyo "I saw him the other day", wala "have" haisogei hapo.

Lisilokuwa na huruma ni "hivi karibuni". Sisi tunalitumia kwa yaliyopita na yajayo: "Amefika hivi karibuni", "Atafika hivi karibuni". Kiingereza kimeyatenga, "recently" kwa nyuma na "soon" kwa mbele, ndiyo maana kila mwaka napata "My father will come recently". Na hata ukibaki nyuma, "recently" lenyewe ni kigeugeu: linapokea "have" na linapokea wakati uliopita wa kawaida. Kama unafundisha nyakati, usianze nalo. Anza na wawili wenye msimamo: "the other day", ambalo halitaki "have", na "of late" au "lately", ambayo kwa kawaida yanaitaka. "He has been quiet of late", siku hizi amekuwa kimya. Watoto wakishazoea pande zote mbili, walete "recently" walipime wenyewe.

Kuna zoezi moja ambalo halihitaji neno adimu bali saa. Saa nne asubuhi nawaambia wafasiri "Sijamwona mwalimu mkuu leo asubuhi". Wanaandika "I haven't seen the headmaster this morning", sawa. Saa tisa mchana, kipindi cha mwisho, nawarudishia sentensi ileile ya Kiswahili. Kwanza wanaandika kama walivyoandika, halafu mmoja anaguna: "Lakini asubuhi imeisha." Na kwa kweli saa tisa hata kwa Kiswahili hatuwezi kuisema hivyo, tunasema "Sikumwona asubuhi". "This morning" halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni jua. Hapo ndipo wengi wanaelewa kwamba "have" haihusu jambo kuwa la karibu. Jambo la leo linaweza kudai "did" na jambo la miaka mia likadai "have", inategemea kama kipindi unachokitaja kimefungwa au kiko wazi.

(Saa zenyewe ni mkasa mwingine. Atakayeandika "at four o'clock in the morning" akimaanisha saa nne asubuhi ameniamsha alfajiri bure. Hilo ni la siku yake.)

Miaka ya Kalenga

Kwa "had" sijapata mahali pazuri pa kufundishia kuliko Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa. Nachora mstari mrefu ubaoni na kuweka miaka. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wanaliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao, Zelewski, anauawa. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani wanaiteka ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa anawaponyoka. Tarehe 19 Julai 1898 anajiua kuliko kukamatwa, na fuvu lake linapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles unaidai Ujerumani ilirudishe. Linarudi mwaka 1954.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Hans Reichenbach, mwaka 1947, alipendekeza kwamba ili kuelewa nyakati za vitenzi tusihesabu nukta mbili, sasa na zamani, bali tatu: pale tukio lilipotokea, pale tunaposemea, na pale tunaposimama kutazama. Ni ile ya tatu inayosumbua watu. Mimi naieleza kwa jiwe la Gangilonga, ambako watoto wote wamepanda. Ukiwa juu ya jiwe leo unatazama nyuma njia uliyopandia, hiyo ni "have": unapotazamia na unaposemea ni hapohapo. Ukishuka kabisa na kusimulia njia ilivyokuwa, hiyo ni "did". Lakini ukiwa nyumbani jioni unasimulia jinsi ulivyosimama juu ya jiwe na kutazama nyuma njia uliyokuwa umeipanda, umejiweka mahali pawili, na hapo pa kutazamia pamehamia zamani. Hiyo ni "had".

Maneno "by the time" na "by then" yana kazi moja tu, kukuhamisha mahali pa kutazamia. "When the skull came home in 1954, Mkwawa had been dead for nearly fifty-six years." Mwanafunzi anaweka kidole kwenye 1954, anatazama nyuma hadi 1898. Kisha namwomba asogeze kidole hadi 1894: "By the time the Germans took Kalenga, Zelewski had been dead for three years." Kidole kinasafiri, "had" inafuata. Mwisho namwambia aondoe kidole kwenye mstari, ajishike kifua: yeye mwenyewe, leo. "The skull has been at Kalenga ever since." Tangu 1954 ni miaka mingi kuliko umri wa wazazi wao wengi, lakini ni "has", kwa sababu kamba haijakatwa. Ukienda leo utalikuta.

Hapo pia ndipo ninapolizika kosa la "since". Kiswahili kinasema "Nipo hapa tangu jana" na "Nipo hapa siku tatu", kitenzi kikiwa cha sasa, na watoto wanaandika "I am here since three days". Kwa mstari ubaoni unawaonyesha tu: "since" inataka nukta ilipoanzia kamba, "for" inataka urefu wa kamba, na zote zikifika mpaka leo zinabeba "have". Halichukui zaidi ya kipindi kimoja.

"Kabla" na "hata"

Kosa lililonishangaza kuliko yote ni hili: "We left before the rain has not come." Nilidhani ni uzembe, hadi nikajisikia mwenyewe nikisema "Tuondoke kabla mvua haijanyesha". Kiswahili kinakanusha baada ya "kabla", na kina haki yake, maana wakati wa kuondoka mvua ilikuwa kweli haijanyesha. Kiingereza kimeiacha kazi hiyo yote kwa "before" na hakitaki kukanusha mara ya pili. Ukimweleza mtoto hivyo, kwamba lugha yake ina mantiki na hii nyingine ina mantiki yake, hasahau. Ukimwekea kosa jekundu tu, mwakani analirudia.

Jirani wa "kabla" ni ile "hata" ya usimulizi. "Hata sijakaa vizuri, kengele ikalia." "Hata hajamaliza kusema, umeme ukakatika." Kila mtu Iringa anasema hivyo kila siku, na ndiyo hasa maana ya "hardly" na "no sooner", ambayo vitabu huyaweka sura za mwisho kama vile ni ya wazee. "Hardly had I sat down when the bell rang." Tazama tena: kwenye Kiswahili kuna "-ja-", kwenye Kiingereza kuna "had". Kipimo cha bajaji kimerudi na koti jingine. Mpangilio wa "had I" ndio unaowatia hofu, lakini ukiwapa kwanza "hata sijakaa" hofu inapungua.

"-Ka-" ya kusimulia, "akaingia, akaketi, akala", haina haja ya maneno mengi. Haina wakati wake yenyewe, inaazima wa kitenzi kilichotangulia. Kwa Kiingereza vyote vinakuwa vya wakati uliopita wa kawaida. Kinachotakiwa ni kumzuia mtoto asiweke "and then" kila kitenzi, basi.

Nilisema nitasimulia kisa. Mwaka wangu wa kwanza wa maneno adimu niliwapa orodha ndefu, pamoja na "hitherto", yaani mpaka sasa, au mpaka wakati ule kama unasimulia ya zamani, na "erstwhile", yaani wa zamani. Kijana mmoja akaandika barua ya mazoezi kwa baba yake: "My erstwhile shoes have hitherto finished." Viatu vyake vimekwisha. Nilicheka, kisha nikajilaumu, maana nilikuwa nimempa debe jipya, lenye sauti ya kizungu zaidi. Siku hizi maneno hayo hayakaririwi. Yanaingia ubaoni, yanapimwa kwa kukanusha, yanafutwa. Atakayependa kubaki nayo ni hiari yake.

Na wapo wanaobaki nayo. Wanapenda kusikia kwamba Kiingereza kiliwahi kuwa na neno moja la kesho kutwa, "overmorrow", lililoandikwa kwenye Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535, kikalipoteza, wakati sisi bado tuna kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Kwamba kwa juzi Mwingereza wa leo anahitaji maneno manne, "the day before yesterday". Na kwamba "yesteryear", yaani mwaka uliopita au miaka ya nyuma, ambalo wengi hudhani ni la kale sana, lilitungwa na mshairi Dante Gabriel Rossetti takriban mwaka 1870 alipokuwa akitafuta neno la kutafsiria "antan" la Mfaransa François Villon. Mvulana mmoja aliposikia hilo akauliza kama na sisi tunaruhusiwa kutunga. Nikamwambia juzikati na yenyewe kuna mtu aliitunga.

Wiki iliyopita nilimaliza mada hii kwa sentensi moja ya kufasiri, na sentensi ilikuwa mbele yao: madirisha mawili ya darasa ambayo hayana vioo. Tuliambiwa "a fortnight ago" kwamba yatatengenezwa. Nikawaambia waandike kilichotokea tangu hapo. Safu ya karibu na mlango wakaandika "They haven't repaired them". Safu ya dirishani, wale wanaopigwa na upepo, wakaandika "They didn't repair them". Nikauliza nani amekosea. Msichana wa dawati la nyuma akasema hakuna aliyekosea, madam, wale bado wanasubiri.